Vinundu vya zambarau, FBP (picha kamili ya damu) safi: nirudie baiopsi (kukata kipande cha kupima) vipi?

Tabibu_Kando: Wakuu, habari za kazi. Mzee wa miaka 68, vinundu vya zambarau kifuani na mgongoni, miezi 3, haviwashi wala haviumi. VVU hana, FBP haina kasoro. Kipande cha milimita 3 kimerudi na majibu: "seli zimesagika, Kaposi haithibitiki," yaani ile saratani ya mishipa ya damu inayotoa madoa ya zambarau. Nashuku BPDCN, ile saratani adimu ya damu ambayo mara nyingi huonekana kwanza kwenye ngozi. Nikate wapi, niombe vipimo gani?

Kisu_na_Nta: Milimita 3 ni kuonja tu, mkuu. Chagua kinundu kipya, kigumu, kisicho na kidonda, ukate kwa kisu mpaka kwenye mafuta. Seli za BPDCN hukaa kwenye dermisi (tabaka la ndani la ngozi) na mara nyingi huacha ukanda mtupu chini ya ngozi ya juu. Ukikata juujuu unatoka na huo ukanda. Usikibane kwa koleo yenye meno, kiinue kwa ncha ya sindano. Seli changa zikibanwa zinachuruzika kama wino, na ndiyo maana ya "zimesagika". Fomalini ya 10% iliyo na bafa, mara kumi ya ujazo wa kipande. Na tafadhali, prednisolone isianze kabla ya kukata.

Mama_Hadubini: HHV-8 kwanza, kirusi cha Kaposi, uifunge hiyo. Halafu alama za protini zinazotambulisha aina ya seli: CD3, CD20, CD4, CD56, CD123, TCL1, MPO na lisozaimu. Hizo mbili za mwisho watu huziruka, na hapo ndipo wanapopotea: lukemia ya mailoidi, saratani nyingine ya damu, ikiingia kwenye ngozi nayo huweza kuwa na CD4, CD56, hata CD123. Maabara yenye CD45, CD3 na CD20 pekee itakuandikia "limfoma isiyoainishwa", mgonjwa aanzishiwe CHOP, mchanganyiko wa dawa za limfoma. Kama kwenu hazipo, tuma kibonge chenyewe cha nta kilichohifadhi kipande, si slaidi moja.

Tabibu_Kando: Shukrani, mama. Uboho ninaweza kuuacha, maana damu iko safi?

Mama_Hadubini: Hapana, daktari. FBP safi haikuhakikishii chochote hapa. Toa uboho, majimaji na kipande cha mfupa, piga CT, na maji ya uti wa mgongo yapimwe hata kama hana dalili za kichwa.

Kisu_na_Nta: Pima albumini pia mapema. Tagraxofusp, dawa inayolenga CD123, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2018, haianzwi albumini ikiwa chini ya 3.2 g/dL, kwa sababu huvujisha maji kutoka kwenye mishipa midogo.