Vita vya 1979: je, haki ya Tanzania ilivuka mpaka wa Mutukula pamoja na jeshi lake?

Mwalimu wa Masaka:

Ndugu zangu, ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Masaka, na wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo nililijibu upesi, kisha nikajutia jibu langu. Nilikuwa nimewaeleza kwamba mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na kwamba siku chache baadaye Amin alitangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, ni mali ya Uganda. Kwa hiyo Tanzania ilikuwa na haki ya kupigana. Binti yule akasema, "Mwalimu, kama walipigania ardhi yao, mbona walikuja mpaka kwetu?"

Nilimjibu kwamba Amin alikuwa dikteta, darasa likacheka, tukaendelea. Lakini mji wetu ulipigwa mizinga Februari 1979, na hata baada ya kutekwa majengo mengi yalibomolewa kwa baruti ili kulipiza yaliyotendeka Kagera. Bibi yangu alikuwa akishona nguo barazani. Aliporudi kutoka migombani alikojificha alikuta meza ipo, uzi mweusi ungali unaning'inia ukingoni, cherehani haipo. Mpaka anafariki hakujua kama ilichukuliwa na askari aliyekuwa akikimbia au na yule aliyekuwa akiingia.

Ninachouliza ni hiki: vita vilivyoanza kwa haki hubaki vya haki hadi mwisho wake, au haki hiyo inaweza kuisha njiani?

Mzee wa Bombo:

Mwalimu, salaam. Nilikuwa na miaka 15 wakati ule, na hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978 tumeisikia mara nyingi kiasi kwamba maneno yake matatu, yaani sababu, nia na uwezo, yamekuwa kama methali. Watu huyakariri kwa fahari bila kuyachambua.

Sababu haina mjadala, kwa kuwa nchi iliyovamiwa ina haki ya kujilinda. Uwezo nao ni suala la maadili kuliko tunavyodhani, maana kiongozi anayepeleka vijana katika vita asivyoweza kushinda anawapoteza bure, hata awe na sababu nzuri namna gani. Ugumu uko kwenye nia, na hapo Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Nyerere aliposema nia ipo alimaanisha azma, yaani moyo wa kupigana bila kurudi nyuma. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, alipoweka masharti yake matatu ya vita vya haki (mamlaka halali, sababu ya haki, na nia njema), nia yake ilikuwa nyingine kabisa: unapigana ili upate nini? Mtu anaweza kuwa na nia ya kwanza tele na ya pili asiwe nayo hata chembe.

Mwanzoni lengo lilikuwa kumwondoa mvamizi, na hadi Januari 1979, Mutukula ilipotekwa, mtu angeweza kusema kwamba kazi hiyo imekwisha. Kuendelea hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili, kulihitaji sababu mpya. Mimi naamini sababu hiyo ilikuwepo, kwani utawala uliomuua Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977 na raia wengine wasiohesabika ungerudi mpakani mara tu ungepata risasi nyingine. Hata hivyo ilipaswa kutajwa na kupimwa upya, badala ya kubebwa juu ya mgongo wa ile ya kwanza. Na kubomoa Masaka hakukuwa na sababu ya zamani wala mpya. Kile kilikuwa kisasi.

Naandika haya kama Mnubi. Amin alipoanguka, jamii yetu nzima iliitwa watu wa Amin, wakiwemo wachuuzi na mafundi ambao hawakuwahi kushika bunduki. Familia nyingi zilikimbilia Sudan. Mimi nilibeba birika na mkeka, mama akambeba mdogo wangu. Khalifa Abubakar aliwausia askari wake wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, na wasikate mti wenye matunda. Wasia ule ni wa zaidi ya miaka 1,300, na hauulizi mtoto ni wa kabila la nani.

Wakili, Kampala:

Kwa upande wa sheria nitasema machache. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaruhusu nchi iliyoshambuliwa kujilinda, lakini hakuna mahali mkataba huo unapotaja ruhusa ya kuipindua serikali ya jirani kwa kuwa ni katili. Ndiyo maana katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Umoja huohuo ulikuwa umemfanya Amin mwenyekiti wake mwaka 1975, kwa hiyo lawama zile hazikuwa na uzito mkubwa machoni pa Waganda.

Tusisahau pia kwamba jirani anaweza kuwa sisi. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza majeshi Kongo, na Februari 2022 ikaagiza tulipe dola milioni 325. Hoja ya kujilinda tuliitoa sisi pia; mahakama haikuikubali.

Kuhusu Mzee na suala la nia, ningeongeza yaliyofuata. Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, alikaa madarakani siku 68, Binaisa aliyemfuata hakumaliza mwaka, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazua mgogoro, na baada ya hapo tukaijua "panda gari", yaani misako ya askari waliokamata raia na kuwapakia kwenye malori. Anayeingia kuvunja serikali anadaiwa mpango wa kesho yake.

Mama wa Gulu:

Nimewasoma kwa heshima, lakini mnaongea kana kwamba adui na raia wanaweza kutenganishwa kwa mstari. Kwetu Acholi, kaskazini mwa Uganda, kikosi cha waasi cha Joseph Kony kilijazwa watoto waliotekwa njiani na vitandani. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto anakwenda shule, akakulia humo hadi kuwa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani na kumfunga miaka 25, na mahakimu walipunguza adhabu wakikumbuka alivyotekwa. Sasa fikirieni mama aliyesikia kwenye redio kwamba jeshi la serikali limewaua "waasi" kadhaa, naye mwanawe yuko huko msituni. Afurahi au alie? Sababu ya serikali ilikuwa ya haki, sikatai. Nasema tu kwamba risasi ya haki ilimpata mtoto wake.

Tena mnasahau sharti la kwamba vita viwe njia ya mwisho. Mwaka 2002 jeshi lilivuka kuingia Sudan kuwamaliza waasi. Waasi wakarudi kwetu, na idadi ya watu katika kambi za waliokimbia makwao ikapita milioni moja. Viongozi wetu wa dini, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu kwa pamoja, walikuwa wakiomba mazungumzo miaka yote hiyo na kuitwa vibaraka wa waasi. Mapatano ya kusitisha mapigano yalipotiwa saini Juba, Agosti 2006, watu walianza kurudi mashambani, ingawa Kony hakusaini amani ya mwisho. Kabla ya kuambiwa kwamba njia nyingine zote zimekwisha, mimi huuliza nani alizijaribu, na kwa muda gani.

Mwalimu wa Masaka:

Asanteni sana. Mama, umenirudisha nyuma: sikuwa nimefikiri hata kidogo kuhusu njia ya mwisho, kwa sababu kwa habari za Amin tumezoea kuona kwamba hapakuwa na nyingine, na bado nadhani hapakuwa. Jumatatu nitamwomba radhi yule binti mbele ya wenzake. Kisha nitaandika ubaoni Kagera, Mutukula, Masaka, Kampala, pamoja na tarehe, niwaulize katika kila mji ni nani aliyekuwa akilindwa pale. Mzee, ukiniruhusu, nitaongeza na Bombo.