Ukoka, paspalum au nyasi za Pemba: zipi zinafaa uwanja wa mchanga na maji ya chumvi?

Mwana_Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia kwangu Kigamboni na sasa nimefika kwenye uwanja, kama mita za mraba 80. Nusu inapigwa jua tangu asubuhi, nusu iko chini ya mwembe ambao siukati kwa vyovyote. Chini ni mchanga mtupu, maji ni ya kisima na yana chumvichumvi. Fundi wa kwanza kanishauri niweke pevingi kote niachane na usumbufu. Wa pili kasema ukoka, halafu urea kila mwezi na dawa ya magugu. Nina watoto wanaoshinda chini na kuku sita, kwa hiyo dawa sitaki. Nataka nipande kabla masika hayajaanza. Mngekuwa ninyi mngechagua nini?

Bibi_Shamba
Mwanangu, pevingi itoe kabisa. Mimi nilizungushia mwarobaini wangu pevingi mpaka kwenye shina, matawi ya juu yakaanza kukauka kwa kuwa mizizi haikupata maji wala hewa. Mchana hapakanyagiki kwa moto, na mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kwa jirani. Niliing'oa.

Ukoka ni mzuri juani, unakanyagika, na hata ukikauka kiangazi hurudi mvua zikianza. Chini ya mwembe utapoteza hela. Kivulini unarefuka, unakuwa vijiti, na mchanga unaonekana kama mwanzo.

Mpwani_Nyali
Salaam. Niko Nyali, karibu na bahari, na kisima changu kina chumvi vilevile. Zote tatu nimezipanda. Ukoka unavumilia chumvi kiasi, lakini paspalum inauzidi mbali, maana asili yake ni ufukweni. Ila nayo haipendi kivuli. Nyasi za Pemba ndizo za chini ya miti: zina majani mapana na hufunga ardhi vizuri. Ubaya wake ni nene, hazina ulaini wa watoto kugaragara, na ukizifyeka chini sana zinachelewa kurudi.

Kwa hiyo usitafute moja ya kumaliza uwanja mzima. Juani weka paspalum, mwembeni weka Pemba. Kuzunguka shina acha duara la mita moja na nusu bila nyasi, ujaze majani makavu ya mwembe wenyewe.

Fundi_Goba
Hii ndiyo kazi yangu. Mnazishindanisha nyasi bure kama udongo haujashughulikiwa. Mchanga haushiki maji wala mbolea. Urea ni asilimia 46 naitrojeni; ukiimwaga kwenye mchanga, sehemu kubwa inazama na maji kuelekea kisimani.

Anza na mboji. Tandaza unene wa sentimita 5, ichanganye kwa jembe mpaka kina cha sentimita 15. Kwa uwanja wako ni mita za ujazo 4, na ni lazima iwe imeiva. Chota konzi moja uinuse: inanukia udongo uliopata mvua, haina joto, na huoni tena umbo la jani wala kinyesi. Mteja wangu mmoja alikuwa na haraka, akaleta samadi mbichi ya ng'ombe. Wiki chache baadaye uwanja ulijaa mchicha pori na ndago.

Na ndago ukiivuta kwa mkono inakatika, kile kiazi chake cheusi kinabaki chini na kuchipua tena. Mwagilia jioni, asubuhi ingiza kisu kirefu pembeni yake uing'oe na kiazi. Inachosha, lakini ukirudia kila wiki viazi vinaishiwa nguvu, na hakuna sumu iliyofika kwa kuku wako.

Maji: kiangazi kadiria lita 25 kwa mita moja ya mraba kwa wiki. Ile nusu ya juani peke yake ni lita 1,000. Gawa mara mbili, alfajiri, yashuke hasa. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila jioni mizizi inakaa juu, na kwa maji kama yako chumvi nayo inajikusanya pale pale. Ukikata usipunguze zaidi ya theluthi ya urefu, na majani yaliyokatwa yaache yaoze hapo hapo.

Jirani_Limuru
Huku kwetu nyasi za Kikuyu hujiotea hata kando ya barabara. Ukiuziwa huko Pwani, kataa. Ni nyasi za baridi ya milimani.

Dada_Tanga
Mbona hamkutaja pintoi, ule mmea wa jamii ya karanga wenye maua ya njano? Chini ya minazi yangu umefunga ardhi yote. Unajipatia naitrojeni kwa vile vinundu vya mizizini, sijawahi kuuwekea mbolea, na asubuhi nyuki wamejaa. Tatizo lake haupendi kukanyagwa kila siku. Mpe nafasi kando ya uzio.

Fundi_Goba
Kweli, dada. Ila kwa kisima cha chumvi ajaribu kipande kidogo kwanza.

Mwana_Kigamboni
Asanteni sana. Paspalum juani, Pemba mwembeni, pintoi mita mbili za kujaribia uzioni. Mboji naanza kuitafuta kesho. Shida ni moja, vitalu nilivyopita vina ukoka na paspalum tu. Nyasi za Pemba nazipata wapi?

Bibi_Shamba
Niko Kongowe, ninazo nyingi, huna haja ya kununua. Njoo asubuhi na gunia. Tutakata vikonyo vyenye vifundo vitatu vitatu, na gunia lilowe ili visikauke njiani. Ukifika panda siku hiyo hiyo, fukia vifundo viwili, kimoja kibaki juu. Na hao kuku wafungie mpaka vishike mizizi, la sivyo watavichakura vyote kabla ya adhuhuri.