Tupeane uzoefu: tunaofundisha dini watoto wa darasa la tano mpaka la saba

MamaNeema_Tabata
Makatekista na walimu wa dini wenzangu, leo nimefundisha vipaji vya Roho Mtakatifu darasa la sita. Wametaja vyote saba, hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu, bila kukosea hata kimoja. Nikasema haya nipeni mfano wa hekima nyumbani kwenu. Kimya. Hawa sio wale wadogo wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, unawaimbisha wanaridhika, na kipaimara, sakramenti ya kumpokea Roho Mtakatifu, ndo hiyo inakuja. Nyie mnafanyaje?

MzeeWaKigango
Wakariri kwanza, kuelewa kutakuja. Sisi tulikaririshwa maswali na majibu kwa fimbo na imani tunayo mpaka leo.

DadaRose
Fimbo hapana mzee wangu. Mchape wa darasa la saba uone kama Jumamosi ijayo anakanyaga. Mimi nawapa habari za Mtakatifu Kizito, mmoja wa mashahidi wa Uganda. Nikifika pale kwamba alikuwa wa miaka kama 14 tu alipochomwa moto Namugongo mwaka 1886, na shahidi mwenzake Karoli Lwanga alimbatiza siku chache kabla, darasa linatulia lenyewe. Wanaanza kuuliza alilia? wazazi wake walikuwa wapi? Hapo ndo nafundishia kile kipaji cha nguvu.

MzeeWaKigango
Sijasema uchape, nimesema tulichapwa. Soma vizuri binti.

Katekista_Mbagala
Mmenikumbusha mbali. Ilikuwa komunyo ya kwanza, kanisa limejaa mpaka kwenye maturubai, mimi nimesimama karibu na padre naangalia watoto wangu wanavyopokea. Akaja kijana mmoja wa darasa la tano, mpole kuliko wote, akapokea mkononi, akasema Amina, akageuka na mkono ukaenda mfukoni. Jamani nilihisi miguu inaisha nguvu. Nikamfuata taratibu nikampeleka sakristia nikamuuliza umeiweka wapi, anatetemeka, akatoa leso nyeupe imekunjwa kona kwa kona, hostia nzima, ule mkate wa komunyo, iko ndani. Akasema "ni ya bibi, ticha ulisema anayempokea Yesu anapata uzima, na bibi hawezi kutembea." Kumbe bibi yake amepooza upande mmoja, amelala chumba cha uani kwenye nyumba ya kupanga, na jumuiya nzima hakuna aliyekuwa anajua! Paroko alipoingia baada ya misa nikamweleza, hakufoka hata kidogo, akampa ile hostia akaila palepale mbele yake, halafu akamwambia leo utanipeleka kwenu. Mchana ule tulipita vichochoroni mtoto katangulia na suti yake nyeupe, padre nyuma na mafuta na Ekaristi. Bibi akaungama, akapakwa mafuta, akakomunika. Mjukuu ndo alishika mshumaa.

Kimara_Mwisho
Ndo maana mimi nasema watoto wapokee kwa ulimi tu. Basi.

DadaRose
Yani umeona leso, bibi hujamuona?

Kimara_Mwisho
Nimeona vyote. Mkononi Kanisa linaruhusu ila unatakiwa ule kabla hujaondoka mbele ya anayekukomunisha, na hilo linafundishika, fanyeni nao mazoezi kwa hostia ambazo padre hajazigeuza kuwa Mwili wa Kristo.

MamaNeema_Tabata
Tumeiacha kipaimara kabisa lakini sawa, nimelia. Bibi yupo?

Katekista_Mbagala
Alishatangulia mbele za haki, alikufa amepokea sakramenti zote. Kijana anatumikia altareni.

Ilala_Boma
Apumzike kwa amani 🙏

BabaCollins
MamaNeema wapeleke hija Pugu. Wamisionari Wabenediktini walifika pale 1888 na mwaka uliofuata misheni ikashambuliwa, kuna waliouawa. Watoto wakisimama penyewe wanauliza maswali ambayo darasani huyapati. Ila beba chapati, mtoto mwenye njaa hata umletee malaika hasikii.

Ticha_Sinza
Hapohapo jamani, wangu wa English medium hata Sala ya Kutubu kwa Kiswahili inawashinda. Nifanyeje?

DadaRose
Wape kipande kimoja tu kila Jumamosi na mzazi asaini daftari kwamba wamesali pamoja jioni. Asiposaini mpigie simu, usimuulize mtoto.