KIM-1 au DNA ya uvimbe kwenye damu: kipi kifuatilie mgonjwa wa saratani ya figo baada ya upasuaji?

Kijidudu_Maabara

Habari wakuu. Kuna utaratibu unaandaliwa wa kukusanya damu na mkojo kwa wagonjwa wa saratani ya figo ya seli angavu (ccRCC) wanaofanyiwa upasuaji. Naomba wenye ujuzi wanisaidie mambo matatu:

1. Kati ya KIM-1 (protini ya figo) inayopimwa kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, na DNA ya uvimbe inayoelea kwenye damu, kipi kina nafasi ya kuonyesha ugonjwa unarudi kabla picha ya CT haijauona?
2. Sampuli zichukuliwe lini, na zihifadhiwe vipi?
3. Kipimo cha mkojo pekee kinaweza kutumika kuwachunguza watu wasio na dalili?

Tubuli

La 3 ni hapana, na hesabu inatosha kueleza. Chukua watu 10,000 wasio na dalili, tuseme 20 kati yao wana uvimbe. Kipimo kinachokamata wagonjwa 90 kati ya 100, na kuwapa jibu sahihi 95 kati ya kila 100 walio wazima, kitawapata 18 na kuwasingizia 499. Kwenye majibu chanya 517, ya kweli ni kama 3.5% tu. Waliobaki wote wanapelekwa CT, na huko vitaonekana vinundu vingine ambavyo visingewadhuru maisha yao yote.

Protini za akwaporini-1 na perilipini-2 za mkojo zilileta matumaini kwa sababu ziliwatenganisha vizuri wagonjwa waliokwisha julikana na watu wenye afya. Huo ni mtihani mwepesi. Kazi ngumu ni uvimbe wa chini ya sm 4: takriban mmoja kati ya mitano inayokatwa si saratani, mara nyingi ni onkositoma au uvimbe wa mafuta usioonyesha mafuta kwenye picha. Kiashiria cha mkojo kisichojibu hapo bado hakijamsaidia daktari.

Sasa KIM-1. Ni protini inayokaa juu ya seli za mirija ya mwanzo ya figo. Figo yenye afya karibu haina. Seli hizo zikiumia, au zikigeuka saratani, huitengeneza kwa wingi, kipande chake cha nje hukatwa na kuingia kwenye mkojo na damu. Uchambuzi wa sampuli za EPIC (utafiti mkubwa wa Ulaya kuhusu lishe na saratani) uliochapishwa 2018 ulikuta KIM-1 ya plazma imepanda hata miaka kadhaa kabla ya watu kugunduliwa. Tatizo lake linatoka palepale penye nguvu yake: haijui nani kaiumiza figo. Dawa kama sisplatini na gentamisini, kisukari kilichofika kwenye figo, figo kukosa damu, vyote huipandisha.

Ndiyo maana muda ni muhimu kuliko aina ya kifaa cha kupimia utakachonunua. Mgonjwa akikatwa sehemu ya figo tu, mshipa hubanwa kwa dakika kadhaa na tishu inayobaki hukosa damu. Ukipima siku ya tano utakuwa unapima jeraha la upasuaji. Ningechukua ya kwanza kabla ya upasuaji, kabla hata ya nusukaputi, na ya pili kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kila mara kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ya siku hiyohiyo iandikwe pembeni. Na ile ya kabla ya upasuaji isirukwe kamwe: kama KIM-1 haikuwa juu uvimbe ukiwepo, kuifuatilia baadaye kwa mgonjwa huyo hakuna maana.

Plazma_Mara_Mbili

Nakubaliana na Tubuli, naongeza upande wa DNA. Saratani ya figo ni bahili, humwaga DNA kidogo kwenye damu hata kwa wagonjwa wengi ambao imeshasambaa. Chupa ya ml 10 hutoa plazma ya ml 4 hivi. Ukipata ng 5 kwa kila ml una ng 20, na kila ng 1 ni sawa na nakala 300 hivi za jenomu, jumla 6,000. DNA ya uvimbe ikiwa 0.01% ya hizo, badiliko moja la jeni ya VHL litakuwa na wastani wa molekuli 0.6 ndani ya chupa nzima. Maana yake zaidi ya nusu ya chupa hazitakuwa na hata molekuli moja ya kukamata, mashine iwe nzuri namna gani. Jibu "hakuna" hapo ni bahati nasibu.

Dawa yake ni kuchukua chupa mbili na kufuatilia mabadiliko mengi kwa pamoja: 16 badala ya moja, wastani kwa kila chupa unapanda hadi karibu molekuli 10. Ila chagua yale ya shina. VHL na kupotea kwa mkono mfupi wa kromosomu 3 hutokea mapema na huwa kwenye uvimbe mzima; jeni za PBRM1, SETD2 na BAP1 mara nyingi ziko kwenye matawi, sehemu moja ya uvimbe inazo na nyingine haina. Kipande kimoja cha tishu kitakudanganya, chukua kutoka sehemu tatu au zaidi. Njia ya kusoma metilesheni (alama za kikemikali zilizobandikwa kwenye DNA) haitegemei badiliko moja moja, na tafiti za 2020 ziliipa alama nzuri, kwenye plazma kuliko mkojo.

Utaratibu wa damu:

- Chupa ya kifuniko cha zambarau (EDTA). Ipindue taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Kifuniko cha kijani kina heparini, na heparini huzuia PCR, kile kipimo cha kuzidisha nakala za DNA.
- Ndani ya saa 4 zungusha kwenye sentrifuji kwa g 1,600, dakika 10. Ni g (mara ngapi ya nguvu ya mvutano wa dunia), si mizunguko kwa dakika! Rota ya nusukipenyo cha sm 15 inahitaji kama mizunguko 3,090, ya sm 10 inahitaji 3,780.
- Nyonya plazma ukiacha kama mm 5 juu ya tabaka jeupe. Ukiligusa, DNA ya seli nyeupe inaizamisha ile ya uvimbe.
- Zungusha tena plazma hiyo kwa g 16,000, dakika 10, gawa ml 1 kwa kila kichupa, weka nyuzi 80 chini ya sifuri.
- Tabaka jeupe nalo lihifadhiwe. Wazee wengi wana mabadiliko ya jeni za DNMT3A, TET2 au ASXL1 yanayotoka kwenye uboho. Bila kulinganisha utayaita saratani.

Damu nzima isigandishwe kamwe. Seli zitapasuka na sampuli itakuwa imekwisha.

Kijidudu_Maabara

Shukrani sana. Vituo vingine viko mbali, saa 4 hazitawezekana. Na kuna seramu za zamani kwenye friza, zinafaa?

Plazma_Mara_Mbili

Kwa DNA, seramu hapana: damu ikiganda seli nyeupe humwaga DNA yake. Kwa KIM-1 zinaweza kupimwa, ila usichanganye seramu na plazma kwa mgonjwa mmoja, mstari wa grafu utapanda au kushuka kwa sababu ya chupa tu. Vituo vya mbali vipewe chupa zenye dawa ya kuimarisha seli. Hizo hukaa siku kadhaa kwenye joto la kawaida la chumba, na hazipaswi kuwekwa kwenye barafu.

Lamu_na_Darubini

Mnaenda haraka kwenye damu, tishu je? KIM-1 ina maana kwa seli angavu na kwa aina ya papilari. Aina ya kromofobu huitengeneza kidogo, kwa hiyo kiwango cha chini hakimwondolei mtu shaka yoyote. Hakikisheni aina kwanza kwa kupaka rangi protini za tishu (CAIX, CK7, AMACR, CD117): CAIX inayozunguka utando wote wa seli huku CK7 ikiwa hasi inaelekea seli angavu; CK7 na AMACR zote chanya, papilari; CD117 chanya na CK7 iliyotapakaa, kromofobu; CD117 chanya na CK7 kwenye seli chache tu, fikirieni onkositoma.

CAIX hiyohiyo sasa inatumika kwenye picha. Girentuksimabu (kingamwili inayoishika CAIX) yenye zirkoni-89 ya mnururisho ilijaribiwa kwenye utafiti wa ZIRCON, ikakamata seli angavu kwa 85.5% na kuwatenga wasio nayo kwa 87%. Kwa uvimbe wenye utata naona hii iko karibu na matumizi kuliko kipimo chochote cha mkojo.

Na wasidharau vipimo vya kawaida. Vigezo vya IMDC vya kukadiria mwenendo wa ugonjwa uliosambaa ni sita, na vinne ni vya maabara ya kila siku: himoglobini chini ya kawaida, kalisi, nyutrofili na chembe sahani juu ya kawaida. Viwili vilivyobaki ni hali ya mgonjwa (alama ya Karnofsky, ya uwezo wa kujihudumia, chini ya 80%) na chini ya mwaka 1 tangu kugunduliwa hadi kuanza dawa.

Kijidudu_Maabara

Na KIM-1 ikipanda wakati CT ni safi?

Tubuli

Rudia baada ya wiki 3 hadi 4 kwa kifaa kilekile, tazama kreatinini na dawa alizotumia karibuni. Ikiendelea kupanda na kreatinini imetulia, CT ya kifua na tumbo isogezwe mbele. Dawa ya saratani isianzishwe kwa namba hiyo peke yake. Na ikishuka, ratiba ya CT inabaki vilevile, haipunguzwi hata mara moja.

Kwenye fomu ya sampuli ongezeni: saa ya kutoa damu, saa ya kuzungusha, rangi ya plazma (ikiwa nyekundu seli zimevunjika), na mara ngapi kichupa kimeyeyushwa. Kilichoyeyushwa zaidi ya mara moja kitengwe.