Kula au kutokula kabla ya mazoezi ya alfajiri? Naomba ushauri kwa mnaokimbia mbio ndefu

Binti_TangiBovu
Habari zenu wakuu. Najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Mazoezi yangu yote ni ya alfajiri, maana jua la Dar likishapanda hakuna kukimbia tena, na kazini natakiwa mapema. Siku za kawaida nakimbia kilomita tano hadi saba, sijala kitu, nakunywa maji tu na mwili uko vizuri kabisa.

Shida ni Jumamosi. Tunatoka Tangi Bovu na wenzangu saa kumi na moja, tunafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge na kurudi. Kwenda naenda vizuri. Kurudi, tukishapita Lugalo, nguvu zinakata. Miguu inakuwa mizito, jasho la baridi linanitoka, kichwa kinakuwa chepesi, na nakasirika bila sababu. Wenzangu wanalazimika kunisubiri.

Mmoja wao anasema nile kabla ya kutoka. Kaka yangu ambaye ni mcheza mpira ananikataza kabisa, anasema chakula tumboni kinaleta kichomi na kutapika. Nifuate lipi? Na kama ni kula, nile nini na muda gani kabla? Saa kumi usiku hata hamu ya chakula sina.

Kocha_wa_Mtaa
Pole dada. Kabla sijajibu: Ijumaa usiku unakula nini, na saa ngapi?

Binti_TangiBovu
Nakula mapema mkuu, saa kumi na mbili jioni. Mtindi na matunda, au supu ya mboga. Wali na ugali nakula mchana tu, usiku naogopa kunenepa.

Kocha_wa_Mtaa
Hapo ndipo penye jibu lako. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi na moja bila chakula, na hicho cha mwisho kilikuwa kidogo. Ukilala, ini linaendelea kutoa sukari yake ya akiba ili ubongo ufanye kazi, kwa hiyo unaamka akiba ya ini imeshuka sana. Misuli ina akiba yake na hiyo haiguswi sana usingizini, ndiyo maana kilomita tano au saba unazimaliza bila shida. Ila akiba ya misuli inajazwa na wanga unaokula, na wewe unaingia Jumamosi haijajaa vizuri. Ukishakimbia zaidi ya saa nzima, misuli inaishiwa, ini halina cha kuongeza, na sukari ya damu inashuka. Jasho la baridi, kichwa chepesi na hasira ni dalili zake.

Siku za kazi endelea hivyohivyo na maji yako. Mbio nyepesi za chini ya saa moja hazihitaji chakula kwa mtu mwenye afya. Jumamosi ni habari nyingine. Ijumaa kula wali au ugali wa kutosha, saa moja au saa mbili usiku, mboga ya kawaida, mafuta kidogo. Hutanenepa kwa sahani hiyo, utaitumia barabarani kesho yake. Asubuhi ongeza kitu kidogo tu.

Rift_Valley_Runner
Nawasalimu kutoka Eldoret. Watu husikia kwamba wakimbiaji wa huku hutoka saa kumi na mbili asubuhi bila kula, wakaiga. Ni kweli wengi hutoka na maji au kikombe cha chai tu. Lakini waulize usiku walikula nini! Ni ugali, sukuma wiki, maharagwe, maziwa. Na wakirudi tu, chai ya maziwa yenye sukari nyingi inawangoja na mkate. Mwaka 2004 watafiti walichapisha vipimo vya chakula cha wakimbiaji wa juu waliokuwa kambini huku kwetu, wakakuta zaidi ya robo tatu ya nguvu zao inatoka kwa wanga. Huyo mtu anakimbia kabla ya chai, lakini tangi lilijazwa jana.

Kata_Kitambi
Mimi napingana kidogo. Nakimbia tumbo tupu kila siku na nimepungua vizuri. Ukila kabla, mwili unachoma kile chakula badala ya mafuta yako.

Muuguzi_Mwanza
Mkuu, ni kweli ukikimbia bila kula mwili unatumia mafuta zaidi wakati ule wa mbio. Lakini tafiti zilizolinganisha makundi mawili yanayokula kiasi kilekile kwa siku, moja likifanya mazoezi kabla ya kula na lingine baada, hazikuona tofauti ya maana kwenye uzito. Kinachopunguza kitambi ni jumla ya siku nzima. Tena huyu dada hajasema anataka kupungua, anataka kumaliza kilomita 21 akiwa imara. Kwa mwanamke anayefanya mazoezi mengi huku anajinyima, hedhi inaweza kuvurugika na mifupa ikadhoofika. Nimeona nilitaje hilo kwa sababu watu wengi hawalijui.

Na mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari, asiutumie uzi huu kama dawa. Apime sukari kabla ya kutoka, abebe glukosi mfukoni, na apange na daktari wake. Dada, hata wewe ukila vizuri na dalili zikaendelea, nenda ukapime.

Tende_na_Kahawa
Kuhusu cha kula: tende tatu na maji, nusu saa kabla. Hazina uzito tumboni na hazihitaji kupikwa. Huku Zanzibar wengi ndicho tunachoanza nacho, si Ramadhani peke yake.

Kocha_wa_Mtaa
Tende nzuri sana. Au ndizi mbivu moja, ile yenye madoa meusi. Au vipande viwili vya mkate mweupe na asali. Chai ya rangi yenye sukari kama chakula hakipandi. Najua watu wanasifu mkate wa ngano nzima, lakini nusu saa kabla ya mbio nyuzinyuzi hazikusaidii, zitakupeleka chooni. Maandazi, chapati, karanga, maharage, mayai ya kukaanga, hivyo viache hadi urudi. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, na hapo ndipo hofu ya kaka yako ina ukweli. Yeye anafikiria sahani nzima.

Tumbo nalo linafundishika. Anza na nusu ndizi wiki hii, wiki ijayo nzima.

Binti_TangiBovu
Mrejesho, wakuu. Ijumaa nilikula wali na samaki wa mchuzi saa mbili usiku. Asubuhi ndizi moja na chai ya rangi yenye sukari, nikatoka baada ya dakika arobaini. Kichomi hakikuja, nilicheua kidogo tu mwanzoni. Lugalo nilipita naongea na wenzangu, na Tangi Bovu tulifika pamoja! Nawashukuru kwa dhati.

Sasa la mwisho: siku yenyewe Moshi nifanye hivihivi?

Kocha_wa_Mtaa
Hongera sana. Moshi ongeza. Njia ya 21 inapanda kuelekea Mweka kwanza, kupanda kule kunakula nguvu kabla hujaanza kuteremka. Amka kama masaa matatu kabla ya mbio kuanza, kula mkate na asali, au uji mwepesi wenye sukari kama umeuzoea, halafu ndizi yako nusu saa kabla. Usitegemee jikoni la hoteli, muda huo linaweza kuwa limefungwa. Nunua mkate na ndizi sokoni siku moja au mbili kabla, lala navyo chumbani.

Utakuwa barabarani zaidi ya saa mbili, kwa hiyo pata gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kidogokidogo. Tende tatu kubwa kila saa zinafika huko. Anza baada ya nusu saa ya kwanza, wakati bado unajisikia vizuri. Zifunge kwenye mfuko mdogo wa zipu, toa kokwa usiku, na Jumamosi mbili zijazo ufanye mazoezi ya kuzila ukiwa unakimbia.

Tende_na_Kahawa
Chukua zile laini. Kavu zinakwama kooni ukiwa unahema.