Faitezi ya hamira kwenye chakula cha kuku: iandikwe kwenye gunia au la?

Mfugaji_Kibaha: Wadau, baadhi ya faitezi (kimeng'enya kinachofungua fosforasi ya chakula) tunazochanganyia kuku hutengenezwa kwa kupandikiza jeni ya bakteria E. coli kwenye hamira aina ya Pichia, nayo hamira inamwaga kimeng'enya hicho nje ya seli. Kazi yake siipingi: fosforasi nyingi ya pumba na mashudu imefungwa, tumbo la kuku haliwezi kuifungua, faitezi ndiyo inayoifungua. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua. Iandikwe.

Shamba_Kiambu: E. coli ya kinyesi? Halafu tule mayai? GMO (mazao ya jeni zilizobadilishwa) mliturudishia Kenya 2022 bila kutuuliza, sasa na hii.

Dada_Maabara: Kaka, bakteria hayumo, imechukuliwa jeni tu. Hamira hiyo ikapendwa kwa sababu protini zake yenyewe inazotoa nje ni chache, kusafisha kimeng'enya kunakuwa rahisi. Hata chanjo ya homa ya ini B wanayochomwa watoto wetu inatokana na hamira iliyopandikizwa jeni.

Shamba_Kiambu: Watoto wangu usiwaingize hapa.

Mzee_Tanga: Binti, ni kweli hamira hiyo inalishwa methanoli?

Dada_Maabara: Mara nyingi ndiyo, mzee. Methanoli ndiyo inayoiwasha ile jeni, na hamira inaila.

Shamba_Kiambu: Methanoli! Iliyokuwa kwenye pombe ikaua watu Embu na Kiambu 2014, wengine wakapofuka!

Mama_Kuku_Moro: Nimemzika binamu yangu kwa pombe ya namna hiyo. Usiniambie "inaila" kama vile ni uji.

Dada_Maabara: Pole sana dada. Ila marehemu aliinywa. Hapa inaliwa na hamira kiwandani, kisha kimeng'enya kinachujwa.

Mama_Kuku_Moro: Kiwandani ulikuwepo?

Fundi_Peleti: Jamani, mimi kinachoniuma ni joto. Mashine ya peleti ikipita nyuzi 80, faitezi isiyokingwa inaharibika na mfugaji ameshalipa. Hilo ndilo liandikwe.

Mfugaji_Kibaha: Mada ni jeni, ndugu, si mashine.

Shamba_Kiambu: Dada_Maabara aseme kwanza anamfanyia kazi nani.

Dada_Maabara: Nafuga kama wewe! Bei ya DCP (unga wa madini ya fosforasi na kalsiamu) naisikia mfukoni kama wewe, na faitezi imenipunguzia.

Mama_Kuku_Moro: Uliondoa DCP yote?

Dada_Maabara: Hapana, usithubutu, hasa kwa kuku wa mayai. Punguza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti yako, zinatofautiana nguvu.

Mama_Kuku_Moro: Yangu nimepimiwa dukani kwenye mfuko mtupu. Haina maandishi yoyote.