Sanamu ya kulungu chini ya dungu: nakosea wapi?

Wakuu, asubuhi ya tatu leo niko juu ya dungu, jukwaa la kuwindia, na upinde; sanamu ya dume ya kuwavuta kulungu iko chini. Dume wa kweli akaja, akaikodolea macho, akapiga kwato mara mbili, akakoroma, huyoo, mkia juu! Tatizo nini?

— Imetazama wapi? Dume humkabili mwenzake uso kwa uso. Igeuzie uso kwako, mita 15 hivi, atajipenyeza kati yako na sanamu.

— Upepo je? Huzunguka kunusa kwanza. Uliishika bila glavu?

— Bila glavu, tena nimeibeba begani, jasho tupu.

— Begani! Siku nyingine ifunike kitambaa cha rangi ya chungwa, mwindaji mwingine asije akakutwanga risasi.